Bunduki ya Khocha

Goti la kushoto la Khocha hujua mvua kabla ya redio. Mawingu yakianza kukusanyika juu ya Cherangany, yeye hulishika, hukunja uso, halafu huwaambia watoto waanue mahindi. Khocha ni kaka ya mama, kwa Kibukusu. Anaishi upande ule wa Trans Nzoia unaopakana na West Pokot, mahali ambapo ukishuka matatu kutoka Kitale bado unahitaji boda, na kama kumenyesha boda anakushusha nusu ya njia. Risasi ilipita kwenye goti hilo mwaka wa 2007.

Alikuwa KPR, polisi wa akiba. Serikali ilimpa bunduki aina ya G3 na risasi za kuhesabiwa. Mshahara haikumpa. Mchana alilima, usiku alilinda, na Jumapili aliketi kanisani karibu na mlango, kwa sababu hakutaka kuiacha bunduki nyumbani na pia hakutaka kukaa nayo mbele ya mchungaji.

Usiku ule ng'ombe walioibwa hawakuwa wa kijiji chake. Waliibwa lokesheni jirani, na afisa mmoja wa kituo cha polisi akatuma neno kwamba KPR wote wa karibu wafuate nyayo. Khocha akaenda. Ng'ombe walirudi, na Khocha akarudi juu ya machela ya blanketi na fito mbili. Bili ya hospitali ilipotoka, mkewe alienda kituoni. Akaambiwa, kwa upole kabisa, kwamba mzee ni mtu wa kujitolea na hakuna fungu la pesa la watu wa kujitolea. Akaenda kwa wazee wa kijiji. Nao wakamwambia, kwa upole uleule: mama, ng'ombe hawakuwa wetu, aliyemtuma ni serikali, rudi kwa serikali. Mwishowe harambee ya kanisa ililipa nusu, na mtamba mmoja aliyekuwa karibu kuzaa akalipa nusu nyingine.

Alipopona, Khocha alinunua daftari. Kila alipotoka na bunduki aliandika tarehe, mahali, na idadi ya risasi alizotoka nazo na alizorudi nazo. Safu ya mwisho aliichora kwa rula na kuipa kichwa: Aliyenituma.

Daftari hilo sasa liko kwangu. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ikiwa imegoma na mimi pia nikiwa nimegoma kidogo, na tangu hapo nasoma vitu ambavyo hakuna mtu atakuja kunitahini. Ndivyo nilivyojikuta usiku mmoja, bandoli ikiyoyoma, nasoma sheria za National Guard ya Marekani. Nilidhani natoroka mambo ya nyumbani. Kumbe wapi.

National Guard ni wanajeshi wa akiba. Wengi wao ni watu wa kazi zao: walimu, makanika, wauzaji wa magari, wanaofanya mazoezi ya kijeshi siku chache kila mwezi. Kila jimbo kati ya yale 50 lina kikosi chake, na siku za kawaida amri jeshi ni gavana. Mafuriko yakija, gavana anawaita. Msitu ukiwaka, gavana anawaita. Lakini askari huyohuyo, kwa kiapo alichokula, ni wa serikali kuu pia, na rais anaweza kumchukua. Mwaka wa 1957 gavana wa Arkansas, Orval Faubus, aliweka National Guard yake kwenye mlango wa shule moja huko Little Rock ili wanafunzi tisa weusi wasiingie. Rais Eisenhower akakitwaa kikosi hichohicho, akatuma pia wanajeshi wa kawaida, na watoto wakaingia. Fikiria wewe ni kijana wa Arkansas mwenye bunduki: mwezi huohuo mmoja umeamriwa kuwazuia watoto, halafu umeamriwa kuwalinda. Sare haijabadilika. Aliyekutuma ndiye amebadilika.

Magavana wamejaribu kubisha. Rudy Perpich wa Minnesota hakutaka vijana wake wapelekwe Amerika ya Kati kwa mazoezi, akaenda mahakamani, na mwaka wa 1990 Mahakama ya Juu ikamwambia kwamba serikali kuu ikiwataka, itawachukua. Na Juni 2025 Rais Trump aliitwaa National Guard ya California na kuipeleka mitaani Los Angeles huku Gavana Newsom akipinga na kukimbilia mahakamani. Kwa hivyo si ati wenzetu wamemaliza ugomvi huo.

Kilichonifanya niweke simu chini ni jambo dogo zaidi, la kikarani. Askari wa National Guard hawezi kutoka nyumbani na bunduki bila karatasi inayosema ametoka kwa hali gani, na hali ziko tatu. Ya kwanza, ameitwa na jimbo: gavana anaamuru, jimbo linalipa. Ya pili, gavana anaamuru lakini serikali kuu inalipa. Ya tatu, rais anaamuru na serikali kuu inalipa. Ukivunjika mguu, swali la kwanza ni hilo: ulikuwa kwa hali gani? Jibu ndilo linaamua ni mfuko upi utalipa daktari. Yaani safu ya Khocha, Aliyenituma, ile aliyochora kwa rula akiwa na goti bovu, Wamarekani wameigeuza kuwa sheria.

Sisemi kwamba karatasi inazuia maovu. Tarehe 4 Mei 1970 National Guard ya Ohio, ikiwa chini ya gavana wake, ilifyatulia risasi wanafunzi wa chuo cha Kent State na kuua wanne. Karatasi ilikuwepo. Ila ukitaka kujua umlilie nani, unajua pa kuanzia.

Sasa turudi huku kwetu, kwa sababu bunduki yenye mabwana wawili haikuanza na Khocha.

Ukienda Webuye, muulize mtu yeyote akuonyeshe kilima cha Chetambe. Mwaka wa 1895 Waingereza walizipiga ngome za Wabukusu, kwanza Lumboka, halafu Chetambe. Shuleni tunafundishwa "Waingereza walishambulia", na picha inayokuja kichwani ni wazungu wengi wenye kofia. Wazungu walikuwa wachache sana. Waliopigana ni askari Wasudani, Waganda na Wamasai, kila kundi na sababu zake na kila kundi na mgao wake wa ng'ombe wa mateka. Wale Wasudani walikuwa wa serikali siku ya vita. Siku ya mshahara walikuwa kitu kingine: walilipwa kidogo, walicheleweshewa, na walihamishwa kutoka vita moja hadi nyingine bila kupumzika na familia zao. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1897, baadhi yao walifika Eldama Ravine, wakachoka, wakaasi. Uasi huo nusura uing'oe himaya ya Waingereza Uganda. Mimi nikisoma habari hiyo huwaza tu juu ya mke wa Khocha pale kaunta ya kituo.

Kitale yenyewe ni mji wa askari wa akiba, ingawa hatuusemi hivyo. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ya Uingereza iligawia wanajeshi wake wa zamani mashamba, na Trans Nzoia ilikuwa moja ya sehemu kubwa za mgao huo wa 1919. Reli ikafika Kitale mwaka wa 1926. Mkulima aliyekuwa na ekari zake hapa alikuwa mwanajeshi jana, na alitarajiwa kuwa mwanajeshi tena kesho. Mwaka wa 1937 ikaundwa Kenya Regiment, jeshi la akiba la walowezi, ambalo lilikuja kutoa maafisa wa King's African Rifles na baadaye likaingizwa kwenye vita dhidi ya Mau Mau. Ona mpango ulivyo: shamba, bunduki na kura vimekaa mkononi mwa mtu mmoja. Mlowezi hakuhitaji kuuliza nani amemtuma. Serikali ilikuwa yake, kijiji kilikuwa chake.

Polisi wa akiba, hii KPR yenyewe, iliundwa mwaka wa 1948. Nikiwa Mbukusu siwezi kuutaja mwaka huo nikapita tu. Februari 1948 wafuasi wa Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde walikusanyika Malakisi, polisi wakafyatua risasi, watu 11 wakafa. Dini ikapigwa marufuku mwezi huohuo, na Masinde akapelekwa Lamu. Sidai kwamba KPR iliundwa kwa sababu ya Malakisi. Nasema tu kwamba mwaka serikali ilipoamua inahitaji bunduki za ziada mikononi mwa watu inaowaamini, babu zetu hawakuwa miongoni mwa watu hao.

Halafu kukaja kipindi kifupi ambacho hata walimu wangu wa historia walikipitia kama daraja bovu, haraka bila kuangalia chini. Majimbo. Kwenye mazungumzo ya Lancaster House mwaka wa 1962, KADU ilidai Kenya igawanywe katika majimbo yenye nguvu, na mmoja wa waliopigania hilo kwa nguvu zote alikuwa Masinde Muliro, mtu wa huku kwetu. Katiba tuliyopatia uhuru ilikuwa na majimbo saba na eneo la Nairobi, kila moja na bunge lake. Na sikiliza hii: polisi pia waligawanywa. Kulikuwa na polisi wa Kenya, juu akiwepo Inspekta Jenerali, lakini ndani yake kila jimbo lilikuwa na kikosi chake na kamishna wake. Bwana wawili, kwa maandishi, na mipaka ya kila bwana.

Huwezi kuelewa kwa nini watu walilitaka hilo mpaka uangalie ramani ya Kitale. Je, Trans Nzoia ni ya Magharibi au ya Bonde la Ufa? Wabukusu waliofanya kazi kwenye mashamba ya wazungu kwa miaka mingi walisema ni yetu. Wakalenjin walisema la, hii ilikuwa ardhi yetu kabla ya mzungu na kabla yenu. Tume ya mipaka ikaipeleka Bonde la Ufa. Nao Wasabaot wa Mlima Elgon, waliotaka kwenda Bonde la Ufa, wakaachwa Magharibi pamoja na Bungoma. Kila upande ukabaki na donda. Ukishajua hilo, swali la polisi ni wa nani halibaki swali la wanasheria. Ni swali la nani atakuja kugonga mlango wako usiku, na anaongea lugha gani.

Majimbo hayakufika popote. Serikali kuu iliyabana pesa, KADU ikavunjwa na kuingia KANU Novemba 1964, na tarehe 12 Desemba 1964 tukawa jamhuri yenye bwana mmoja. Kwenye maandishi. Kule mashinani, KPR aliendelea kuwa na wawili: yule wa Nairobi anayehesabu risasi, na yule wa kijijini anayemletea uji saa tisa usiku na kumwambia adui ni nani. Hilo ndilo ninalotaka kusema, na nimezunguka sana kulifikia. Hatukumfuta yule bwana wa pili. Tulifuta tu karatasi iliyomtaja. Na karatasi ikishafutwa, kila bwana anaweza kukukana.

Mlima Elgon ulitufundisha hilo kwa bei ambayo Bungoma bado inalipa. Kulikuwa na mradi wa kugawa ardhi ya Chebyuk, ulioanza mwaka wa 1971, ukagawanywa upya awamu baada ya awamu, na kila awamu iliwaacha watu waliohisi wameibiwa. Mwaka wa 2006 kikazuka kikundi cha SLDF, kilichojiita jeshi la kulinda ardhi ya Wasabaot, kikiongozwa na Wycliffe Matakwei. Kulinda gani! Waliua watu zaidi ya 600, wakatoza kodi, wakakata watu masikio, na wengi wa waliowaumiza walikuwa Wasabaot wenzao. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka jinsi watu walivyoshuka kutoka mlimani na magodoro kichwani, na jinsi mama alivyosema wale watoto wale kwetu bila kuulizwa swali.

Serikali ikachelewa, halafu ikaja yote mara moja. Machi 2008 wanajeshi walipanda mlima kwa operesheni iliyoitwa Okoa Maisha. Wanaume walikusanywa kijiji baada ya kijiji, zaidi ya 3,000, wengi wakapelekwa kambi ya Kapkota. Mashirika ya haki, pamoja na tume ya taifa ya haki za binadamu, yaliandika walichokiona: vipigo, mateso, watu waliochukuliwa wasirudi. Jeshi lilikana. Mei mwaka huo Matakwei akauawa. Kuna watu Bungoma watakaokuambia jeshi liliwaokoa, na wanasema kweli. Kuna wajane watakaokuambia jeshi ndilo lililowachukulia waume zao, na wao pia wanasema kweli. Siku nyingine ni nyumba moja inayosema yote mawili.

Shirika la IMLU lilipeleka kesi hiyo Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki. Majaji wa kwanza walikubali kuisikiliza. Rufaa ikakatwa, na Machi 2012 majaji wa rufaa wakasema kesi imeletwa kwa kuchelewa: mkataba unatoa miezi miwili tu. Miezi miwili! Kuna watu wa Kapsokwony ambao miezi miwili baadaye walikuwa bado wanazunguka kambi na vituo wakitafuta majina kwenye orodha.

Katiba ya 2010 iliandikwa na watu waliokumbuka mambo kama hayo. Kifungu cha 241 kinasema jeshi likitumwa ndani ya nchi kurudisha amani, Bunge la Taifa lazima liidhinishe. Kifungu cha 239 kinakataza mtu kuunda kikosi cha kijeshi nje ya sheria. Ulinzi na polisi ni kazi ya serikali kuu, na gavana wetu hana askari zaidi ya kanjo, ambao ukiuza miwa pale stendi ya Kitale unawajua vizuri kuliko mimi. Wale waliokuwa barabarani tarehe 25 Juni 2024 wanakumbuka jinsi kifungu hicho cha 241 kilivyojaribiwa: waziri wa ulinzi alitangaza jeshi kwanza, Bunge likaidhinisha kesho yake, na keshokutwa Mahakama Kuu ikaliacha jeshi mitaani lakini ikaamuru serikali iseme wazi litafanya kazi wapi, vipi na kwa muda gani. Hata jaji alitaka ile safu ijazwe.

Lakini polisi wa akiba? Sheria ya polisi ya 2011 ilimbadilishia jina: sasa ni National Police Reserve. Bado ni mtu wa kujitolea. Mwaka wa 2019 serikali iliagiza wengi wao sehemu za Bonde la Ufa warudishe bunduki ili wachunguzwe upya. Sababu haikuwa ya uongo, maana bunduki nyingine zilikuwa zimehamia upande wa wezi, na nyingine zilikuwa zinakodishwa. Ila baadaye wizi ukapamba moto, Februari 2023 jeshi likatumwa tena kaskazini mwa bonde, na serikali hiyohiyo ikaanza kuandikisha polisi wa akiba wapya.

Juzi mtoto wa Khocha alisikia kwenye baraza la chifu kwamba majina yanachukuliwa. Ana miaka 23, amemaliza fomu foo, hana kazi. Akamwambia baba yake jioni tukila. Khocha hakumkatalia. Aliniuliza mimi, msomi wa nusu: hawa wa sasa, wakiumia, nani analipa? Nikamweleza habari ya National Guard, zile hali tatu na karatasi. Alisikiliza kwa makini, akauliza kama hiyo karatasi wanapewa kabla ya kutoka au baada. Nikasema kabla. Akanyamaza, akaongeza ugali.

Usiku nililipitia daftari tena. Mwandiko wake ni wa shule ya zamani, herufi zimeegemea kulia. Kwenye ile safu ya mwisho mara nyingi ameandika "wananchi". Mara nyingine "OCS", mara nyingine "chifu", na mara chache, usiku ambao nadhani hakuna aliyemwita, ameandika "mimi". Ukurasa wa mwisho uliotumika ni wa 2019, siku alipoirudisha bunduki. Ameandika namba yake yote, risasi zote, moja moja, amepiga mstari. Aliyenituma: Serikali. Chini yake amewaachia nafasi ya sahihi waliopokea. Iko tupu.